Kufuli la Pikapu Yangu

Jina la Bwana na litukuzwe, ndugu zangu! Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Ya kuambiwa sikuyaleta hapa.

Nilifundisha miaka mingi, nikastaafu, nikanunua pikapu. Mke wangu aliketi kiti cha kushoto misimu miwili tu, Bwana akamchukua. Nyuma nikachomelea wavu wa chuma, nikatia kufuli, asipande mtu.

Ndugu zangu, mnajua kwamba huku kwetu pikapu ndiyo gari la wagonjwa, la harusi na la msiba. Mimi nilikataa. Bi Somoe, jirani yangu hapa Mtua, aliponiomba nimpeleke mwanawe hospitali, nilimtaka kwanza alete barua ya zahanati kuthibitisha kwamba mtoto anaumwa. Alinitazama, akambeba mgongoni, akaenda. Tangu siku ile hakuna aliyebisha hodi kwangu. Nilikula peke yangu. Zilipita siku sikusema neno, na nilipokohoa, sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Masika haya nilikuwa narudi kutoka Malolo, upande wa Ruangwa. Watu wa pale wakanionya kwamba mvua imenyesha huko juu na korongo linajaa. Nikauliza, "Nani ameona?" Wakasema wameambiwa. Nikaondoa gari.

Katikati ya korongo matairi ya nyuma yakazunguka bure. Pikapu tupu haina uzito nyuma. Kila nilipokanyaga mafuta, ilizidi kuzama. Maji yakapanda hadi chini ya milango. Nikataka kupiga kelele, nikagundua sina jina la kuita! Nikalia, mzee mzima. Nikasema, "Bwana, nitumie hata mmoja."

Wakatokea wanawake wanane wenye majembe, wametoka palizini. Aliyetangulia alikuwa Bi Somoe.

"Mwalimu, umekwama? Barua ya zahanati unayo?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Sina, dada yangu."

"Basi fungua hilo kufuli tupande. Gari lako linataka watu."

Nikashuka majini, ufunguo ukakataa mara mbili, mara ya tatu ukafungua. Wakaingia majini, wakapanda, wakajibana juu ya matairi ya nyuma. Nikakanyaga taratibu. Matairi yakashika, tukatoka! Nilipogeuka, maji yalikuwa yamepafunika pale niliposimama.

Nikamwuliza Bi Somoe habari za mwanawe. "Mzima," akasema. "Ila umechelewa kuuliza."

Haleluya! Wavu nimeukata. Sitawadanganya, ndugu zangu: kiti cha kushoto bado ni kitupu, na nyumba yangu bado ni kimya jioni. Lakini hodi zinabishwa, nami naitika.

Wewe uliyejifungia, mtumaini Bwana. Mimi alinijibu kwa watu wale wale niliowafukuza. Wala msiyapokee haya kwa kuambiwa. Kesho asubuhi nakwenda Nachingwea mjini. Nyuma hakuna kufuli. Njooni mpande.