Emerensiana Erasmo Kapinga (1979–2025), Msomaji wa Mkaa wa Kale

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Matiri, Wilaya ya Mbinga, mtoto wa tatu wa Mzee Erasmo Kapinga na marehemu Mama Eliza. Alikuwa mbishi tangu anatambaa, na wanaosema ubishi huo ni wa baba yake hawajakosea.

Alimaliza shule ya msingi Matiri mwaka 1993, akasoma sekondari ya bweni Songea, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu elimu ya mimea mwaka 2003. Huko ndiko alikoanza kusoma mkaa wa kale. Moto ukipita, vipande vya mkaa huzama kwenye udongo na matope, tabaka juu ya tabaka, vikakaa maelfu ya miaka. Chini ya hadubini kipande bado kinaonyesha kama kilikuwa mti au jani, na mtaalamu akajua moto ulikuwa mkubwa kiasi gani na mvua zilikuwaje. Sisi nyumbani tulimcheka: umepelekwa chuo ukasomee majivu? Alicheka nasi, akaendelea.

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na Mwalimu William Haule wa Ngumbo, kule chini ziwani, nao wakajaliwa Vitalis na Marselina. Wiki ya kwanza ukweni alichukua chekeche la unga la mama mkwe wake, Mama Ida, akachujia tope la ziwani. Mama Ida alipolikuta alisema, "Mkwe wangu, sisi hapa ugali tunakula mweupe."

Aliajiriwa katika taasisi ya utafiti mwaka 2008. Mwaka 2024 aliombwa aeleze msitu wa kilima hiki ulipotea lini. Alichimba shimo kwenye mteremko wenye nyasi, akapima umri wa mkaa, akaandika kwamba msitu uliteketezwa enzi za babu zetu. Waliotaka watu waondolewe kilimani ili chemchemi iliyo chanzo cha maji ipone waliipokea taarifa hiyo kwa mikono miwili. Kaya za ukoo wake mwenyewe ziliambiwa zijiandae kuhama. Alipokuja nyumbani alipiga magoti. "Shikamoo, baba." Mzee hakuitikia. Alichukua jembe akampita.

Machi 2025 alirudi tena, msimu wa kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Nyasi zilizofyekwa zilikuwa zimeshapangwa miraba. Akashika jembe bila kuombwa, akawa anatoa udongo katikati ya mraba na kuzifunika nyasi, kama mama yake alivyomfundisha. Vipande vyeusi vikatoka na udongo. Alisimama ghafla. Pale alipochimba shimo lake, nyasi zilikuwa zimeficha ngolo za zamani. Udongo ule ulikuwa umepinduliwa msimu baada ya msimu, mkaa wa juzi ukashuka chini na wa kale ukapanda juu, naye akausoma kama ulivyokaa. Mtoto aliyekulia kwenye ngolo hakukumbuka kuuliza kama jembe limepita! Aliwaeleza wakubwa wake kwamba amekosea. Walimjibu kuwa mkutano wa kuamua kama kaya zihame hautaahirishwa, labda alete ushahidi mwingine.

Ushahidi ulikuwa kwenye kinamasi chini ya kilima, ambako jembe halijawahi kuingia. Lakini tangu Desemba 2024 figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi, na madaktari hawakutaka awe mbali na mashine ya kusafisha damu. Mumewe alimuuliza, "Mama Vitalis, nitawaambia nini watoto?" Akasema, "Waambie nimeenda kurekebisha." Aprili alisimama kinamasini na miguu iliyovimba, akisimamia bomba la kutolea tope. Mzee Erasmo alimfuata hadi ukingoni.

"Na mkaa ukisema ni sisi?"

"Nitasema ni sisi, baba."

Mzee aliondoka. Majibu ya maabara yakachelewa. Kila simu ilipolia tulishtuka, hatujui ni maabara au ni hospitali.

Tarehe 21 Agosti 2025 aliletwa kwenye mkutano wa kijiji, akazungumza ameketi. Alianza na kosa lake. Kisha akasema mkaa wa miti mikubwa uko chini kabisa kwenye tope, wa maelfu ya miaka, wa wakati wa ukame mrefu, kabla ukoo wetu haujafika. Watu walipiga vigelegele. Akainua mkono wanyamaze. Alisema tabaka la juu limejaa mkaa wa nyasi wa miaka yetu hii, na moto huo unaosogelea chemchemi ni wetu, ukiwemo wa kaka zake. Kuna waliokasirika mpaka leo. Iliamuliwa kaya zibaki, na uchomaji ukome.

Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025. Kwa desturi alikuwa azikwe Ngumbo, kwa mumewe. Mzee Erasmo alishuka mwenyewe hadi ziwani, akawaambia Mwalimu William na Mama Ida, "Mwanangu nilimnyima salamu. Naomba nimpe mahali." Mwalimu alilia, akakubali. Ndiyo maana tuko kilimani.

Ameacha mume, watoto wawili, baba, mama mkwe, kaka wawili, na mdogo wake Antoni anayesoma wasifu huu. Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani, hapa kwao.