Phunchok Angdu na Usiku wa Kilimia

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ile ya Januari Kunzes alichemsha chai ya siagi, akamimina vikombe viwili. Kimoja kikapoa. Akakimwaga, akamimina tena. Nacho kikapoa. Ndipo alipovaa viatu akatoka kwenda kumwita mumewe.

Mumewe ni Phunchok Angdu, dereva wa lori la maji katika kijiji cha Tharmang, huko Ladakh. Mchana alikuwa dereva. Usiku alikuwa mpiga picha wa nyota. Ndiye tunayemkumbuka leo.

Angdu hakusomea nyota. Kamera yenyewe aliinunua kuukuu kwa mtalii aliyechoshwa na baridi. Betri ya akiba aliivalisha soksi ya sufu, akailaza kifuani ndani ya joho lake ili isizimike. Alipiga picha sehemu ileile ya anga mara nyingi, hasa kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia, kisha akaziunganisha picha zote zikawa moja, na ndani yake yakatokea mambo ambayo jicho haliyaoni.

Katika kazi hiyo mwanga ni adui. Kwa hiyo Angdu aliweka sharti. Akitundika taa ndogo nyekundu kando ya kamera, hakuna kumulika tochi, wala hakuna kumsogelea. Kijiji kizima kilishika sharti hilo, huku kikinung'unika.

"Zima taa, mama Yangdol! Unaniunguzia nyota!"

"Basi zioe hizo nyota zako, zikupikie!" Kunzes alikuwa akimjibu dirishani. Lakini alizima.

Binti yao, Yangdol, anaishi mjini Leh. Anasema: "Baba alikuwa akipiga simu, kwanza ataniambia Kilimia kimetoka vizuri. Kama nimekula au sijala, hilo ataliuliza baadaye."

Usiku wa kuamkia asubuhi ile Angdu alikuwa anapiga picha Kilimia. Alisimamisha kamera kwenye kilima nyuma ya nyumba, akatundika taa nyekundu. Upepo ulikuwa mkali. Baada ya muda mbwa wa jirani alianza kubweka, akielekea kilimani. Jirani huyo, Tundup, alitoka na tochi. Kunzes naye alikuwa juu ya paa bapa la nyumba yao, anachukua kuni.

"Mbwa huyu ana jambo, shemeji. Ngoja nimulike kule juu."

"Zima, Tundup! Huoni taa nyekundu? Ukimharibia, atakununia mpaka theluji iyeyuke."

"Atanirushia mawe yule."

"Tena makubwa!"

Walicheka, wasikilizaji wapendwa. Tundup alizima tochi, akamvuta mbwa ndani. Kunzes alishuka na kuni zake, akalala.

Asubuhi alimkuta mumewe chini ya kilima, upande wa nyumba. Alikuwa ameteleza kwenye barafu, akavunjika paja. Mganga wa zahanati alisema kuvunjika hakukumuua. Kilichomuua ni baridi, na baridi haina haraka. Theluji ilionyesha njia aliyotambaa kuelekea mlangoni kwake. Alikuwa hai mbwa alipobweka. Alikuwa hai tochi ilipozimwa.

Kamera haikujua lolote. Iliendelea kupiga yenyewe mpaka betri ikaisha. Yangdol amekwisha kuziunganisha picha hizo, na anasema baba yake hakuwahi kupata Kilimia kama hicho. Kunzes hataki kuiona picha hiyo.

Watu walipokuja msibani, mmoja alisema, "Mama, jipe moyo. Amekufa akifanya alichokipenda."

Kunzes alimtazama. "Amekufa akinisubiri mimi," alisema.

Tundup alikuwa amekaa karibu na jiko. Aliinuka akatoka nje, na chai yake hakuigusa.

Nasi tunampa pole Kunzes, yeye na Yangdol. Pole pia kwako, Tundup, maana tunajua unasikiliza. Phunchok Angdu apumzike.

Nawe msikilizaji, kama una mtu aliyekukataza kumsogelea akiwa kazini kwake, hebu mfikirie usiku huu. Msogelee. Akikasirika, akasirike. Hasira ina mwisho.

Kunzes amehamia Leh kwa binti yake. Nyumba ya Tharmang imefungwa, na mbuzi wao wanachungwa na Tundup.