Mzee Leonidas, Taa Nyekundu na Ubeti wa Isdori

Baada ya kuitumikia Mwinuko FM kwa miaka ishirini na saba, Mzee Leonidas Sikazwe, fundi mitambo wetu mkuu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wasifu huu umewekwa juu ya kila kiti ukumbini, na nimeombwa niuandike mimi, Hellena wa dawati la habari. Kamati ilitaka uwe mfupi na mtamu. Kama walitaka utamu mtupu, wangempa mtu wa kipindi cha salamu. Mimi kazi yangu ni kushuku, na Mzee Leonidas nimemshuku tangu wiki yangu ya kwanza hapa, nilipomkuta anaifuta vumbi kwa upendo mkubwa taa ambayo kwa macho yangu ilikuwa mbovu.

Mzee Leonidas ni mtoto wa Mwimbi. Alianza kwa kufungua redio za jirani zake, wakati mwingine kabla hawajamwomba. Redio yetu ilipozaliwa ilikuwa chumba kimoja na mnara, naye aliupanda mnara huo katika upepo wa Julai akiwa amevaa koti la mvua juu ya sweta. Wakongwe wanakumbuka sikukuu moja tulipopotea hewani, ikadhaniwa tumekatiwa umeme. Mzee akakuta nyuki wamehamia kwenye kibanda cha mtambo. Wengine walikimbia. Yeye alirudisha matangazo kwanza, kisha naye akakimbia, na asali ikaja kuliwa baadaye ofisini bila sisi wa dawati la habari kuitwa. Hilo sijalisahau.

Zaidi ya yote, amerekodi kwaya. Karibu kila kwaya ya Ufipa imepita mikononi mwake, na zote zinatoa sifa ile ile: kwa Mzee Leo mtu huimba kama yuko nyumbani. Niliwahi kumuuliza siri yake. Akaniambia ni chai ya tangawizi. Sikuamini. Chai ile nimeinywa kwa miaka mingi na bado siwezi kuimba.

Sasa niingie kwenye jambo lililomfanya ajulikane hata na watu wasiojua Sumbawanga iko upande gani wa ramani. Mwaka 2004 walikuja kwake vijana wawili waliojiita Upande wa Juu. Mmoja alikuwa Isdori, mtoto wa wakulima wa Mpui. Mwingine alikuwa Fahadi wa hapa mjini, mtoto wa Mzee Saad mwenye maduka na malori. Walitaka kurekodi albamu nzima ya hip-hop. Chumba chetu kilikuwa na matangazo tangu asubuhi, kwa hiyo Mzee Leonidas akawahamishia kwenye ghala la Mzee Saad, lililopakana na redio ukuta kwa ukuta. Ghala lilikuwa limejaa mahindi mpaka darini. Akatoboa ukuta, akapitisha nyaya, akawasimamisha vijana kwenye uchochoro mwembamba katikati ya magunia. Hakuna mwangwi unaopona mbele ya magunia mengi kiasi hicho.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile sauti nzito na kavu ya albamu ya Sweta Mbili. Wachambuzi wa muziki kutoka mijini wameisifu sana, na mmoja wao alifunga safari mpaka hapa kuuliza ni mashine gani ya kigeni iliyotumika. Mzee Leonidas alimjibu kwa heshima zote kwamba ilikuwa mashine ya bei kubwa, bahati mbaya iliishia kuliwa kama ugali mwaka ule ule.

Wimbo wa mwisho una jina la albamu yenyewe. Ndani yake Isdori anachana kuhusu mama yake, anayemsubiri mlangoni jioni ya baridi akiwa ameshika sweta la pili. Akifika kwenye neno mama, sauti inamkwama. Anashusha pumzi, mstari mzima unapita mtupu, mdundo unaendelea peke yake, kisha anarudi polepole kama mtu aliyejifuta uso. Vijana wa bodaboda wa stendi, ambao hawanyamazi hata wakiwa wanakula, wakifika hapo hunyamaza. Wengi wanasema pumzi ile ndiyo albamu yenyewe.

Isdori hataki kuisikia. Kwa miaka zaidi ya ishirini amekuwa akisema kwamba yeye hakurekodi ubeti ule. Anakumbuka vizuri alichorekodi: ubeti wa mwanamume ngangari, usio na mama wala pumzi, uliorekodiwa siku ya mwisho. Siku hiyo malori yalikuwa yamekwisha kuyabeba mahindi yote kuelekea mpaka wa Kasesya, ghala likabaki tupu, na sauti yake ikawa inagonga kuta na kumrudia. Aliipenda mno. Kisha Fahadi akapanda basi na kanda kuu kwenda kuitolea kaseti za kuuza. Kaseti ziliporudi, Isdori akajisikia yuko karibu kulia mbele ya Tanzania nzima.

Akaamini kwamba Fahadi ameubadilisha ubeti huko njiani ili yeye aonekane legelege na mwenzake abaki kidume. Alimwendea dukani na kumwita mwongo mbele ya wateja na mbele ya baba yake. Fahadi alikana mara moja, na hakurudia. Upande wa Juu ukafia pale kwenye kaunta, katikati ya mifuko ya sukari.

Ninaandika hili kwa uchungu, kwa sababu niliwafahamu wote wawili. Mama yake Isdori alipofariki, Fahadi alituma lori la kubeba waombolezaji kutoka mjini kwenda Mpui. Isdori akalirudisha kutoka barabarani likiwa tupu. Watu walimalizia safari kwa miguu. Fahadi hakwenda msibani, na tangu hapo hata salamu haipo. Wanakutana sokoni, mmoja anageuka kutazama mabati ya nyumba za jirani.

Mwaka huu nilipopewa kazi ya kumwandika Mzee Leonidas, niliwapigia simu wote wawili kuwaalika. Isdori alisema, "Shikamoo yake nitampa Mzee. Ila yule jamaa akiwepo, dada, mimi chakula changu nitakula nje." Fahadi naye akasema, "Nakuja kwa ajili ya Mzee Leo tu. Huyo mwingine simjui." Nikakata simu nikaona tutakuwa na sherehe yenye mlango mmoja na watu wawili wasiotaka kuupita pamoja.

Basi nikaiweka albamu, nikasikiliza wimbo wa mwisho kwa masikio ya dawati la habari. Isdori anaapa kwamba alirekodi ghala likiwa tupu na sauti ikimrudia. Ubeti uliomo kwenye kaseti hauna mwangwi hata wa dawa. Ni mkavu kama nyimbo nyingine zote. Maana yake ulirekodiwa mahindi yakiwa bado yapo, kabla malori hayajaja. Fahadi angeupata wapi ndani ya basi? Ubeti ule ulikuwa umekwisha kuingia kwenye kanda kabla hajakata tiketi. Na aliyekuwa na mikono kwenye mitambo kabla ya tiketi ni mtu mmoja tu.

Hapo nikaikumbuka ile taa.

Wageni wetu mnaijua: taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha kurekodia. Ikiwaka, tunakaa kimya tukijua kanda inakwenda. Ikizimika, tunakohoa, tunataniana, tunafanya mazoezi. Kwa kuwa Isdori alirekodiwa bila kujua, nikaanza kujiuliza ni nani aliyeifunga na aliifunga vipi. Nikaamua kumtega. Asubuhi moja taa ikiwa imezimika, niliingia peke yangu, nikamwambia mtu asiyekuwepo kwamba kamati imeamua kumuaga Mzee kwa zawadi ya mwavuli. Ilikuwa uongo wangu mwenyewe, hakuna aliyeujua. Kesho yake mwenyekiti wa kamati, Bwana Meshack, akanifuata akiwa amechanganyikiwa. Mzee Leonidas alikuwa amepita ofisini kwake kusema kwamba, kwa taarifa tu, nyumbani ana miavuli ya kutosha.

Ndugu wasomaji, taa ile imefungwa kinyume. Ikizimika ndipo kanda inapokwenda. Fikirini wenyewe mmewahi kusema nini chini yake. Mimi nimefikiri, na kwa siku mbili sikuwa na hamu ya kula.

Nilimfuata kwenye chumba cha mtambo. Hakukataa. Akasema, "Hellena, wewe ulipotea njia, ungefaa upolisi." Akanieleza kwamba aliigeuza taa mwaka ule ule tulioanza, baada ya kwaya moja ya akina mama kuimba kama malaika kwenye mazoezi na kukakamaa kama miti mara taa ilipowaka. Tangu hapo amerekodi mazoezi ya kila mtu. Kinachofuata taa ikiwaka ni heshima tu, watu waone wamefanya kazi. Nyimbo nyingi za kwaya tunazozipenda kumbe ni mazoezi.

Ubeti wa Isdori nao ni wa mazoezi. Alikuwa akipima maikrofoni kati ya magunia, taa nyingine iliyofungwa vile vile pale ghalani ikiwa imezimika, akiamini anasikilizwa na mahindi. Alimtaja mama yake kwa sababu alikuwa ametoka kumwacha Mpui anaumwa. Mdundo ulikuwa ule ule na mwendo ule ule, kwa hiyo malori yalipoliacha ghala tupu na ubeti mpya ukaja na mwangwi wa kanisani, Mzee alipachika ule wa zamani ukakaa sawasawa. Kwa maneno yake, ule wa ngangari ulikuwa unasikika kama mtu anayegombana na ndoo.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza Fahadi alipoitwa mwongo. Akasema alidhani wangepatana kabla ya mavuno. Hawakupatana. Na kusema kungemlazimu kuitaja taa, na taa ikitajwa hakuna kwaya ambayo ingeimba tena kwa raha. Hapo nilimkasirikia kweli, nikamwambia hivyo usoni. Kwaya nzuri si sababu ya kuwaacha watu wawili wazeeke bila salamu. Aliinama, akafungua sanduku lake la vifaa, akatoa kanda iliyofungwa kwenye kitambaa cha flana. Ni ule ubeti wa ghala tupu, kama Isdori alivyoufanyia mazoezi siku ile taa imezimika. Ameutunza muda wote huu. Akaniambia, "Andika. Ila andika na hili, ule uliotoka ndio mzuri. Mama yake aliniambia."

Hilo sikulijua, wala Isdori halijui. Mama yake alikuwa akimpigia Mzee simu ya mezani ya redio kila akiletwa mjini kliniki, kuomba wimbo wa mwisho upigwe kabla hajapanda gari la kurudi. Hakutaka jina lake litajwe hewani. Alisema mwanawe ni mtu wa aibu, lakini pale amesema kweli.

Isdori, basi. Uko kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na unasoma karatasi hii wakati huu huu ambao Fahadi anaisoma. Mmekaa meza moja kwa sababu viti nimevipanga mimi, na nilihakikisha nje hakuna kiti hata kimoja. Fahadi hakuugusa ubeti wako. Aliibeba kanda kwenye mapaja safari nzima, kama alivyomwahidi Mzee. Mtu aliyekubadilishia ni yule mzee anayeangalia chini kwenye meza ya mbele, na aliyembariki ni mama yako.

Nina shaka moja iliyobaki, na nitakwenda nayo nyumbani. Mtu aliyeitunza siri zaidi ya miaka ishirini hawezi kuteleza kwa ajili ya mwavuli. Nadhani alinisikia, akajua ni mtego, akaamua kwamba wakati umefika na kwamba mimi nitafaa kumsemea. Nimemuuliza. Amenimiminia chai ya tangawizi.

Asante sana, Mzee Leonidas, kwa mnara, kwa nyuki, kwa kwaya na kwa Sweta Mbili. Umetusikiliza kuliko tulivyojua, na mengi umetusitiri. Mungu akupe afya huko Mwimbi, ulime upendavyo, na redio za jirani uzifungue ukishaombwa. Maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu, sisi sote hapa ndivyo tunavyokuombea.

Baada ya chakula utapigwa ubeti wa ghala tupu, kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, Mzee ameomba jambo moja tu kwenye ratiba, nalo tumemkubalia: ile taa nyekundu iletwe ukumbini, ifungwe juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Fahadi, Isdori, inueni macho muitazame. Imezimika.