Mashine Inasikia Hadi Wapi?

Mimi nauza kahawa, siuzi akili, ingawa wateja wangu wanadhani vyote viwili vimo kwenye birika moja. Benchi wanalokalia ni la chuma, mali ya Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, na liko kwenye uwanja wa udongo mbele ya karakana yake. Mteja tunayemwita Redio huwahi kufika kuliko wote, maana hana kazi wala hazimiki. Halafu Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote ila anatufundisha sisi. Siku hiyo akatokea Shemeji, tunayemwita hivyo kwa sababu kamuoa dada yake Cheche. Uso umemshuka, mkononi kashika mashine ya kutafutia vyuma ardhini: fimbo ndefu, na chini yake kitu cha duara kama mfuniko wa sufuria.

Cheche: He! Shemeji, umekuwa mchimbaji?

Shemeji: Nimeazima. Nyumbani kuna balaa. Juzi nilitoa kabati uani nikalikung'uta vumbi. Jana nafungua kikopo cha dada yako, hereni za dhahabu nakuta moja tu.

Cheche: Hereni zipi?

Shemeji: Zile.

Cheche: Za mama?

Shemeji: Za mama yenu.

Cheche akaweka kikombe chini. Mama yao alizivua masikioni mwake mwenyewe akamvisha binti siku ya harusi, na hakuishi sana baada ya hapo. Nami nikaacha kumimina.

Cheche: Na dada anarudi lini?

Shemeji: Leo. Alikwenda kumtazama binti yetu, kajifungua.

Mimi: Si umpigie simu umuulize?

Shemeji: Nimuulize nini? "Mke wangu, uliacha hereni ngapi?" Muuza kahawa, unataka niachike? Uani nimepita na mashine, kimya. Ama hereni haipo, ama imezama kuliko mashine inavyosikia. Ndiyo nawauliza: kitu hiki kinasikia hadi kina gani?

Laiti angenyamaza.

Redio: Sarafu, shibiri moja hivi. Nimesoma kwenye simu. Hereni ndogo, hata shibiri haifiki.

Kocha: Acha porojo. Hii inafika hadi maji ya kisima. Wanajeshi wanategulia mabomu!

Redio: Bomu ni kubwa, Kocha. Hereni ni hereni.

Kocha: Dhahabu ina sauti kuliko bomu. Kizuri chajiuza.

Cheche: Tatizo dhahabu ni nzito. Damu nzito kuliko maji, na dhahabu nzito kuliko damu. Tangu juzi itakuwa imeshafika usawa wa kiuno.

Shemeji: Kiuno!

Redio: Na ikizama inalala kifudifudi. Mashine inaona mgongo tu.

Kocha: Hereni ina mgongo?

Redio: Kwani haina mbele? Tena mali ya marehemu, ikisikia inatafutwa, inahama. Huenda sasa iko kwa jirani.

Shemeji akanitazama mimi, kana kwamba jibu limo kwenye birika. Maskini, alikuwa amechanganyikiwa, na kila aliyefungua mdomo alimchanganya zaidi.

Kocha: Hamna ushahidi nyote. Tufanye mazoezi. Hereni ya pili unayo?

Shemeji akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu.

Kocha: Tuizike hapa kwa kina tunachokijua, mashine ipite. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe!

Mimi: Msizike hiyo jamani. Zikeni sarafu.

Kocha: Sarafu si dhahabu. Mashine lazima ionjeshwe kitu kilekile.

Nilisema. Mjue kwamba nilisema. Lakini nani anamsikiliza mtu mwenye birika?

Kocha akatuamuru wote tugeukie ukuta, asipatikane wa kuipa mashine majibu. Tukageuka, watu wazima. Tukasikia nondo ikichimba, udongo ukirudishwa, kisha ufagio. Alifagia uwanja mzima ili kovu lisionekane. Tena akajisifu: "Hata mimi hapa, bila alama yangu, nisingejua!"

Shemeji akawasha mashine. Hatua ya kwanza, ikalia. Tukashangilia. Ya pili, ikalia. Akaenda kushoto, ikalia. Akarudi mlangoni, ikapiga yowe.

Redio: Lisemwalo lipo!

Cheche: Hapana, debe tupu ndilo linavuma.

Huyo Cheche amekata chuma uwanjani pale miaka na miaka. Chini ni misumari, vipande vya nondo na unga wa kutu mtupu. Ukipanda mchicha utavuna waya. Lakini hilo halikumjia yeyote, hata mwenye karakana.

Kocha: Nimejua! Ni benchi hili la chuma, linaitia mashine kiwewe. Liondoeni!

Wakalibeba hima hadi nyuma ya karakana. Mashine ikaendelea kulia vilevile.

Shemeji: Basi, yaishe. Kocha, nipe hereni yangu.

Kocha: Ondoa shaka. Nimeizika kando kabisa ya mguu wa...

Akatazama chini. Ufagio wake ulikuwa umefanya kazi nzuri, na nyayo zetu zimevuruga kilichobaki. Cheche akaanza kuchimba hapa, Redio pale, na kila walipochimba walipata chuma.

Ndipo Dada akaingia, mfuko begani, kapitia kumsalimia kaka yake.

Dada: Hamjambo? Kaka, mnapanda nini?

Cheche: Hatujambo, dada. Tunasawazisha uwanja.

Dada: Na wewe mume wangu, jasho lote hilo?

Shemeji: Nisamehe. Nilikung'uta kabati, hereni moja ya mama ikapotea.

Dada: Ipotee wapi? Niliichukua mimi. Kulabu ililegea, nikaenda nayo kwa sonara kule kwa mwanetu. Hii hapa.

Akaitoa. Ikang'aa. Redio akapiga makofi, na Shemeji akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, halafu akatazama mashimo uwanjani.

Dada: Hebu nipe mwenzake nizivae zote. Iko wapi?

Shemeji akamgeukia Kocha.

Kocha: Kando ya mguu wa benchi.

Dada: Benchi liko wapi?

Cheche: Nyuma ya karakana.

Dada: Sasa lilikuwa wapi?

Redio akanyoosha kidole kushoto. Cheche, kulia. Kocha akajizungusha, akanyoosha miguuni pangu. Mimi niliyelimiminia kahawa benchi lile kila asubuhi nikajikuta sijui pa kuonyesha, na aibu ikanijaa.

Dada hakugomba. Afadhali angegomba. Akaifumba hereni yake moja kiganjani, akapiga magoti kwenye udongo, akaanza kupapasa kwa mkono mwingine, akitoa msumari, akitoa msumari.