Vidonge Kwenye Kopo la Misumari

Pwaa! Sauti moja tu ilisikika usiku ule chumbani kwa Randa: kikombe kikipasuka sakafuni. Aliona vikombe viwili mezani, akashika kile kisichokuwepo, kiwiko kikakisukuma kilichokuwepo. Asubuhi seremala huyo alijikongoja hadi kwenye benchi aliloliunda mwenyewe, nje ya duka la kinyozi, kichwa kikigonga, shingo imekakamaa kama gogo. Wenzake walikwisha kumimina kahawa: Mkasi, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele alizowahi kunyoa, na Soli, mshona viatu. Hao ndio waliombeba hospitali miezi mitatu nyuma. Aliporudi aliwaambia ni fangasi wa ubongo, wakacheka mpaka kahawa ikawapalia, maana fangasi waliowajua wao ni wa vidole vya miguu.

— Wamerudi, akasema Randa.

Soli alikuwa na hakika walipanda kutoka kwenye soksi mbichi, goti kwa goti, hadi utosini. Dawa yake ni kulala kichwa chini miguu juu, wateremke walikotoka. Mkasi akapinga. Anyolewe kipara, kichwa kianikwe juani kama mbao, kwani samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki anaingiaje hapa? akauliza Soli.

— Wewe kunywa kahawa yako.

Fundi cherehani, mama aliyehamia chumba cha jirani wiki ile, aliacha kushona. Akauliza kama vidonge vya hospitali vimekwisha. Randa akajibu kwamba vipo, tena vingi. Kichwa kilipoacha kuuma aliviweka kwenye kopo la misumari, vimsaidie siku kikiuma tena.

— Akiba haiozi, Mkasi akamsifu.

— Nani alikwambia uache? akauliza yule mama.

Hakuna aliyemwambia, Randa akakiri. Daktari alisema sindano za wodini zimewapunguza fangasi tu, na vidonge ndivyo vinavyowazuia waliobaki wasiote tena. Ameze kila siku, mwaka mzima au zaidi, mpaka vipimo vionyeshe kinga yake imepanda na daktari mwenyewe amwambie basi.

Soli akakiweka kikombe chini.

— Kaka, ubao ulioota kuvu, ukishaupangusa, unaupaka vanishi siku hiyo hiyo?

— Siupaki. Mizizi inabaki ndani.

— Kichwa chako mbona umekipaka?

Randa akainuka. Akataka kwenda kulichukua kopo, ameze vya wiki nzima kwa mpigo. Mama akamkatalia: hapo hapana tena kujitibu, ni hospitali sasa hivi. Mkasi akafunga duka, mteja wake akabaki na nusu ya ndevu, akilalamika. Soli akampa Randa bega, akamkumbusha kuwa safari ile ya kwanza ya hospitali alikuwa mzito zaidi.

— Shemeji zangu, akasema mama, akizidiwa njiani asiweze kusema, watatuuliza sisi. Hiyo kinga yake ilishushwa na nini?

Soli akamtazama Mkasi. Mkasi, mwenye nadharia ya kila kitu chini ya jua, akachungulia kikombe kitupu.

Randa alijua. Miezi mitatu alikuwa akimeza vidonge vingine, hivyo bila kukosa hata siku moja, mlango umefungwa kwa komeo. Aliogopa siku watakaposogea pembeni, benchi limbakie yeye peke yake. Sasa Soli alikuwa wawili machoni pake, na wote wawili wamemshika mkono.

— Sema, kaka, akanong'ona Soli. Hata likiwa baya, tutalibeba pamoja nawe.

— Mimi sijawahi kukunyoa bure, akaongeza Mkasi. Usinikimbie na deni la maneno.

Randa akavuta pumzi.

— Ukimwi.