Sumu Isiyonuka Ghalani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Meneja wetu wa ghala, wakuu wa idara, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, mke wangu uliyekaa karibu na mlango kana kwamba unajua nitakachosema, na wewe mpwa wangu unayechukua nafasi yangu kesho: nawasalimu nyote kwa heshima.

Meneja amesema hapa kwamba kwa miaka thelathini na moja nimeua panya wasiopungua laki moja. Namshukuru. Sijui aliwahesabu lini, maana stoo kwangu ameingia mara mbili tu, na mara zote alikuwa ameziba pua. Lakini leo ni siku ya kusifiwa, na anayestaafu hukubali sifa kama anavyokubali saa ya ukutani: anasema asante, kisha anaanza kuwaza ataitundika wapi.

Nami nisifu kidogo. Naisifu sumu yetu. Ile ya zamani iliua papo hapo. Panya anafia katikati ya magunia, na wiki nzima ghala linanuka. Ndipo tukaletewa hii ya taratibu. Panya anakula leo, anakufa siku ya tano, na katikati hapo anatoka nje akiyumba. Tulishangilia! Mzee wa mizani akaniambia, "Fundi, hii sumu ina adabu. Inamtoa mgonjwa nje kwanza." Tukacheka mpaka machozi. Sasa nauliza, waheshimiwa: kati yetu sote tuliocheka, nani aliuliza panya akishatoka nje anakwenda wapi?

Anakwenda kwenye majani, nyuma ya chumba cha mizani, anajikokota kama mlevi. Na juu ya dari ya chumba kile waliishi bundi wawili weupe, waliokuwa wakifanya kazi kama yangu bila mkataba. Mimi shule niliiacha mapema, lakini macho sikuyaacha huko. Kila Ijumaa nilipanda ngazi kuokota yale madonge ya manyoya na mifupa wanayotapika, nikayachambua kwa mswaki mkuukuu, nikahesabu mafuvu. Walikuwa wananishinda kazi. Mwaka huu walikuwa na watoto wanne.

Nikaenda kwa Meneja, nikamwomba masanduku ya chambo ya nje yakae matupu miezi miwili, mpaka watoto waruke. Alikubali, na hilo nalisema mbele yenu kwa haki.

"Ila bundi, Fundi? Ndege wa mkosi yule?"

"Bosi," nikamwambia, "miaka yote hii sijaona bundi akileta kifo hapa. Anayekileta ana funguo za stoo ya sumu, na ndiye unayeongea naye."

Akacheka, akatia saini.

Wiki ya tano ikaja simu ya Meneja. Wakaguzi wanafika Jumatatu. Kwenye fomu yao sanduku tupu ni kosa, sanduku lenye chambo ni alama ya vema. "Jaza tu, Fundi. Wakiondoka utazoa." Nilijibu nini? Kama mnasubiri jambo la kishujaa, mtasubiri sana. Nilisema, "Sawa, bosi." Nikajaza masanduku kumi na sita kwa mkono huu huu aliopewa Mwenyekiti muda si mrefu uliopita. Usishtuke, Mheshimiwa, nilinawa.

Wakaguzi walitusifu sana. Jumanne nikazoa chambo. Wiki iliyofuata mpwa wangu alipanda ngazi badala yangu, nikamsikia akiita kule juu: "Mjomba, mbona hawa wamelala macho wazi?" Wawili walikuwa wameshakufa. Wawili walikuwa wanavuja damu mdomoni, damu nyepesi isiyotaka kuganda. "Tuwape maji?" akauliza. Nikamwambia tuwape. Baba yao hatukumwona tena. Mama yao tulimkuta chini, mlangoni pa chumba cha mizani. Nikamfunga kwenye gazeti, nikampeleka maabara ya chuo.

Majibu yalikuwa mistari minne. Ndani ya ini lake walikuta sumu yetu ya sasa, na pia ile ya taratibu iliyoitangulia, tuliyoacha kuitumia mwaka juzi. Sisi tulikuwa tumeiacha. Yeye alikuwa bado ametutunzia.

Barua ile imo kwenye faili, na faili limo kabatini. Na mwezi ujao, kama mlivyosikia hapa hapa, inaletwa sumu mpya yenye nguvu zaidi, kwa sababu panya wameongezeka. Wameongezeka! Kuna aliyeuliza kwa nini? Hapana, msipige makofi hapo.

Nimeambiwa nimalizie kwa wosia kwa anayenirithi. Mpwa wangu, simama wakuone. Nimekufundisha kuvaa glavu, kuchanganya chambo bila kuinamia ndoo, kunawa mpaka viwikoni. Nimekufundisha kumtambua panya kwa kinyesi chake. Jambo moja sikukufundisha, na siku simu itakapolia utalihitaji: namna ya kumwambia mkubwa wako hapana. Sikukuficha, mwanangu. Sikulijua. Kwa hilo itabidi utafute mwalimu mwingine, na humu ukumbini nimetazama tangu asubuhi, kiti kwa kiti, sijamwona.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na kimya chenu pia nimekisikia.