Sura Isiyo na Macho

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa shule ya sekondari, na ukutani tumechorwa sisi wenyewe: benchi, birika, vikombe, na midomo wazi. Ni kazi ya wanafunzi wa Dada Mkaa, aliyekuwa akija kila Jumamosi kwa hiari yake kuwafundisha kuchora, kwanza kwa mkaa, kisha kwa rangi. Nami nilipita mikononi mwake kabla ya kwenda chuo kusomea sheria; kijiweni huniita Wakili. Sheria yake ilikuwa moja: macho huchorwa mwisho, ukishamtazama mtu hadi umjue. Muhula huu shule imefuta somo la sanaa, naye akahama mji. Namba yake haipatikani. Ukutani imebaki sura moja isiyo na macho, na wazee wangu wa kijiweni, Kinyozi na Profesa, wanaigombea.

— Ile ni yangu, alisema Kinyozi. Kinyozi hajinyoi, ndiyo maana nimechorwa na wengine.

— Wewe si yule pale anayepuliza kikombe? Profesa alimjibu. Hakumaliza la saba, ila miwani anayo. Paji lile ni la msomi, aliendelea. Sura ile ni yangu.

— Msomi hana macho?

— Msomi anaona kwa akili.

— Basi ni tangazo. Ukuta umeuzwa kwa wauza miwani, wanasubiri kubandika bidhaa yao.

— Hujui kitu. Yule dada alikuwa mpelelezi. Nani anafundisha bure watoto wasio wake? Alikuwa akikusanya sura zetu azipeleke ng'ambo.

Niliweka kikombe chini.

— Sura yako, Profesa, ng'ambo waifanyie nini? Anayefundisha bure ni mpelelezi, anayefuta somo ni nani? Hoja hiyo imesimama kwa mguu upi?

— Wakili kachemka, Kinyozi akasema. Mwongezeeni kahawa.

— Sitaki kahawa. Namtaka Dada Mkaa.

Binti mmoja mwenye sare za shule alikuja, kopo la rangi na brashi mikononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Umekuja kunimalizia sura yangu? Kinyozi aliuliza.

— Si yako, baba. Ni ya Dada Mkaa. Tulitaka kumshtukiza. Sasa mkuu wa shule anasema picha isiyokamilika itapakwa chokaa kesho.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Sisi darasani tulitazama karatasi tu; ninyi mlikunywa naye kahawa kila Jumamosi. Macho yake yalikuwaje?

Kinyozi alifungua mdomo. Akataja kisogo chake tu, namna nywele zilivyoota. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Nilitoa simu, picha zake ninazo nyingi, na katika zote ameinamia karatasi ya mtu. Nilikumbuka vidole vyeusi, na sauti juu ya bega langu: tazama tena. Macho yake sikuyakumbuka.

— Wakili, Kinyozi aliniita polepole. Wewe si ulikuwa mwanafunzi wake?

Binti alishachovya brashi. Rangi ilidondoka tone moja kwenye benchi, mahali Dada Mkaa alipokuwa akikaa.